Sahihi ya Mdhamini si Salamu

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Walimtaja mkopaji, lakini hawakumtaja mtu wa tatu ambaye katika enzi hii ya vyama vya ushirika ndiye aghalabu hupata shida kuliko wote. Huyo ni mdhamini. Harusini hakualikwa, matangani hulia peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mapumziko ya asubuhi, mwalimu mwenzangu alinijia katika chumba cha walimu akiwa ameshika fomu ya mkopo. Nilikuwa nimeinamia rundo la insha za wanafunzi. Aliniomba nimtilie sahihi, nami nikaitia bila hata kuuliza alikuwa akikopa kiasi gani. Tulikuwa tumefundisha pamoja kwa miaka sita, watu wa kuzikana. Mtu kama huyo ningemhoji vipi? Baada ya mwaka mmoja na nusu aliacha kazi, akahama, na simu yake ikawa haipatikani. Haukupita muda, hati yangu ya mshahara ikaja na makato nisiyoyajua. Niliyalipa kwa miezi ishirini na mmoja. Katika muda huo binti yangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo.

Sikisimulii kisa hiki ili kumsuta mwenzangu. Nakisimulia kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa langu.

Yafaa tukumbuke jinsi mikopo hii inavyofanya kazi. Mwanachama huruhusiwa kukopa mara kadhaa ya akiba yake, aghalabu mara tatu. Mwenye akiba ya shilingi 100,000 aweza basi kukopa shilingi 300,000. Zile shilingi 200,000 zinazozidi akiba yake hazina kinga nyingine ila akiba na ahadi za wadhamini wake. Akishindwa kulipa, chama hutwaa akiba yake kwanza, kisha huwageukia wadhamini. Fauka ya hayo, mdhamini kwa kawaida hawezi kujitoa chamani na kuchukua fedha zake mpaka deni lile liishe, au apatikane mwingine wa kushika nafasi yake. Sheria ya Mikataba ya Kenya nayo yasema kuwa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haiwezi kudaiwa mahakamani isipokuwa iwe imeandikwa na kutiwa sahihi. Sheria imeipa sahihi uzito ambao sisi tumeunyima.

Kuna watakaosema: basi tusimdhamini mtu. Rai hiyo siiungi mkono. Chama cha akiba na mikopo cha walimu, Mwalimu, kilianzishwa mwaka 1974, na msingi wa vyama kama hicho ni mnyonge kumwinua mnyonge mwenzake. Ni wangapi kati yetu waliojenga nyumba au kusomesha wadogo zao kwa sababu wenzao walikubali kuwadhamini? Tukikataa sote, tutakuwa tumeukata mti uliotupa kivuli. Swali si kama tuaminiane, bali tuaminiane kwa misingi gani.

Kwa maoni yangu, wema wa mtu na uwezo wake wa kulipa ni mambo mawili mbalimbali. Mwenzangu hakuwa mlaghai. Baadaye niligundua kuwa alikuwa amekopa huku na huko hata mshahara wake ukabaki mkia tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Yeye alikuwa ameufikia ukingo huo, na hati yake ya mshahara ingenieleza hayo kabla sijashika kalamu. Sikuiomba, kwa kuwa niliona kuiomba ni kumvunjia heshima.

Hapo ndipo tunapopotoka. Swali lililoulizwa mapema huulinda urafiki. Swali lisiloulizwa huuzika. Anayeomba udhamini na aulizwe anakopa kiasi gani, fedha ni za kazi gani, na mshahara unaobaki ni kiasi gani. Natutazame pia mwenendo wake katika mambo madogo: mchango wa chai huutoa kwa wakati? Akichelewesha deni dogo, huja mwenyewe kueleza au hupitia mlango wa nyuma? Hatimaye kila mmoja ajiulize: deni hili likiniangukia kesho, nitaweza kulibeba bila kumwondoa mtoto wangu shuleni?

Tujihadhari vilevile na imani ya kuazima. Katika miaka ya 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika mipango ya upatu iliyoahidi faida za ajabu. Wengi hawakuvutwa na wageni. Walivutwa na jamaa, majirani na waumini wenzao, ambao nao walikuwa wamemwamini mwingine. Kila mmoja aliegemea imani ya aliyemtangulia, wala hapakuwa na aliyeuliza faida ile ilitoka wapi. Leo ipo mamlaka ya kusimamia vyama vya akiba na mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, nayo hutangaza kila mwaka orodha ya vyama vyenye leseni. Kuisoma orodha hiyo ni kazi ya dakika chache.

Wanafunzi nao wasidhani kuwa haya ni ya watu wazima pekee. Mweka hazina wa chama cha Kiswahili shuleni anayeandika kila shilingi iingiayo na itokayo anajifunza somo lisilo katika mtihani wowote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Majuzi mwalimu kijana alinijia na fomu yake. Kabla sijasema neno, aliikunjua hati yake ya mshahara mezani, akaniambia, "Mwalimu, tazama kwanza." Tuliikokotoa pamoja, tukaona kiasi alichotaka kilizidi uwezo wake. Alipunguza mkopo wake kwa thuluthi moja. Hapo nikatia sahihi, na usiku ule nililala usingizi.