Amri moja yapunguza picha mia, lakini chunga nakala asilia

Kupunguza ukubwa wa picha mia moja kwa kuzifungua moja baada ya nyingine na kubofya kipanya ni kazi ya kutwa. Programu ya ImageMagick, ambayo John Cristy alianza kuiunda mnamo 1987 akiwa katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, huikamilisha kwa amri moja. Fungua dirisha la amri la tarakilishi, ingia katika folda yenye picha, kisha uandike:

mogrify -resize 800x *.jpg

Tarakimu 800 ni upana unaotakikana kwa pikseli. Urefu hujirekebisha wenyewe. Kinyota humaanisha kila picha ya jpg iliyomo humo.

Hapo ndipo penye hatari. Amri hii haiulizi wala haionyi: huandika picha mpya juu ya ile ya asili, na ubora uliopotea haurejesheki. Wahariri tumewahi kujiuma vidole. Dawa ni kuunda folda nyingine kwanza, tuseme "ndogo", kisha kuandika:

mogrify -path ndogo -resize 800x *.jpg

Picha ndogo zitaingia humo, zile asilia zibaki zilivyokuwa. Ikiwa una toleo la 7 na amri ikataliwe, itangulize kwa neno magick.