SSH: dawa iliyozaliwa na wizi wa maneno ya siri

Mwaka wa 1995, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Helsinki, nchini Ufini, mtu asiyejulikana alificha ndani ya mtandao programu ya kunasa maneno ya siri. Maelfu yalinaswa. Mwizi hakuvunja kitu; alisikiliza tu.

Wakati ule, mtu akitaka kuongoza kompyuta iliyo mbali alitumia Telnet, protokoli ya tangu 1969. Kwa kutuma faili alitumia FTP, ya 1971. Zote mbili zilibuniwa wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache wanaojuana. Kila herufi inayopigwa kwenye klavie, pamoja na neno la siri, husafiri wazi kama barua isiyo na bahasha.

Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliandika SSH ndani ya miezi michache. Hiyo hufunga mazungumzo yote kwa maandishi ya fumbo kabla neno la siri halijatumwa. Tarehe 10 mwezi wa saba aliomba apewe mlango namba 22, uliokuwa wazi kati ya 21 wa FTP na 23 wa Telnet. Kesho yake akakubaliwa.

SSH huhakikisha pia kompyuta ya upande wa pili ni ile ile. Mara ya kwanza huonyesha alama ya ufunguo wake na kuuliza kama mtumiaji anaitambua. Wengi hujibu «ndiyo» bila kusoma, na hapo ulinzi hupunguka.

Kwenye faili, majina huchanganya watu. SFTP si FTP iliyovalishwa nguo mpya. Ni kazi nyingine kabisa inayopita ndani ya SSH, kwa mlango ule ule wa 22. FTPS ndiyo FTP ya zamani iliyofungwa kwa ulinzi unaotumiwa na saiti za https. FTP hufungua njia mbili, moja ya amri na moja ya faili, ndiyo maana husumbua kwenye mitandao yenye vizuizi.

Mwaka wa 2021 Chrome na Firefox ziliachana na FTP. Telnet ingali hai ndani ya vifaa vingi. Mwaka wa 2016, programu haribifu Mirai iliitumia kuteka kamera na ruta duniani, ikijaribu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani. Wenye vifaa hawakuwa wameyabadilisha, kosa ambalo hata SSH haiwezi kuliponya.