Programu ya nota ni bure, mwongozo bado haujafika Ziwa Mweru

NCHELENGE, Zambia – Mwalimu wa kwaya wa Nchelenge na mwenzake wa Pweto, ng'ambo ya Ziwa Mweru upande wa Kongo, wanaweza kuandika nyimbo zao kwa programu moja ya kompyuta bila kulipa chochote. Ni LilyPond, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Mwongozo wake umeandikwa na watu wanaojitolea, nao wameutafsiri kwa lugha kadhaa, kikiwemo Kifaransa. Kiswahili hakimo, wala Kibemba.

Pengo hilo si la lugha tu. Kwaya nyingi za ukanda huu hufundishwa kwa solfa, mfumo ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Katika solfa, do huhama kufuata ufunguo wa wimbo. LilyPond nayo hupokea do, re, mi, lakini do yake haihami: daima ni C. Na ti huandikwa si. Anayenakili wimbo wa ufunguo wa F atashangaa kuuona umetoka katika C.

Dawa ipo: andika wimbo wote kama ulivyo katika solfa, kisha uuhamishie F kwa amri ya \transpose.

Anayejua mahali msomaji atakapokwama ni aliyelelewa kwa solfa. Leseni ya GNU inamruhusu kutafsiri mwongozo, kuuongezea mifano na kuugawa pande zote mbili za ziwa.