Fukusi Aliyeachwa Nyuma

Taja fukusi mbele ya kikundi chochote cha akina mama uone watakavyoguna. Sisi sote tumewahi kufungua gunia tukakuta mahindi yamekuwa unga hata kabla ya kufikishwa kwenye kinu cha posho. Kwa hiyo mtatusamehe tukiwaambia kuna fukusi mwingine, kadogo vilevile, ambaye watu walimfuata mbali na kumsafirisha kwa ndege ili aje shambani kwao. Mafuta mengi ya kukaangia tunayonunua madukani hapa Kenya hutoka Malaysia na Indonesia, na mdudu huyu ana mkono wake ndani ya hayo mafuta. Tena habari zake zinajibu swali ambalo wanavikundi hutuuliza kila msimu: mbona boga langu limejaa maua na halizai?

Mafuta hayo ni mawese, yanayokamuliwa kutoka kwa matunda ya mchikichi. Wenzetu wa Kigoma na wa Kongo wanaujua mti huu vizuri. Asili yake ni Afrika, hasa upande wa magharibi. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kizazi cha miche hiyo ndicho kilichoanzisha mashamba makubwa ya Sumatra na Malaysia. Waliosafirisha walibeba mti peke yake. Wadudu waliouzoea mti huo walibaki kwao Afrika, na hakuna aliyewakumbuka.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Mchikichi mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike, lakini si kwa wakati mmoja. Kwa muda fulani hutoa mashada ya kiume, halafu hugeuka na kutoa ya kike. Ndiyo maana ua la kike huhitaji chavua, yaani ule unga wa manjano, kutoka kwa mti wa jirani. Nani ataubeba? Kwa miaka mingi wataalamu walisema ni upepo. Lakini huko Malaysia, hasa Sabah, mikungu ilikuwa ikitoka na matunda machache, mengine yakioza kabla ya kukomaa. Wenye mashamba wakaajiri vibarua wa kukusanya chavua, kuichanganya na poda, na kupita mti kwa mti wakiipulizia kwenye maua ya kike. Hebu fikiria ekari maelfu, na maua hayangojei Jumatatu! Kazi hiyo ilikula pesa nyingi.

Aliyeshuku kwamba jambo haliko sawa alikuwa Leslie Davidson, meneja wa mashamba ya kampuni ya Unilever. Alikuwa amewahi kufanya kazi Kamerun, na huko michikichi ilizaa vizuri bila mtu kuipulizia chochote. Pia alikumbuka kwamba maua yake yalikuwa yamejaa wadudu. Wengi hawakumsikiliza, kwa sababu vitabu vilisema ni upepo. Mwishowe, katika miaka ya 1970, mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistan, Rahman Syed, alitumwa Kamerun kuchunguza. Aliona kwamba ni kweli wadudu ndio wanaofanya kazi, na hodari wao ni fukusi mmoja ambaye jina lake la kitaalamu ni Elaeidobius kamerunicus.

Mdudu huyu huishi kwenye maua ya kiume ya mchikichi. Hula hapo, hutaga hapo, na watoto wake hukua ndani ya maua yaliyokwisha kunyauka. Kwa wiki mbili hivi yai limekuwa fukusi kamili. Ua la kike halina chakula chake, lakini linapofunguka hutoa harufu kama ile ya ua la kiume. Fukusi hudanganyika, huja mbio akiwa amepakwa chavua mwili mzima, hutembeatembea, hukosa anachotafuta na kwenda zake. Akishapita, unga umebaki. Ua la kike limepata huduma bure, na hata chai halikutoa.

Hawakumchukua tu na kumwachilia. Kwanza walimjaribu kwenye mimea mingine kuhakikisha hataihamia na kuiharibu, na wakakagua wasije wakaingiza ugonjwa pamoja naye. Sisi tulio karibu na Ziwa Victoria tunaelewa umuhimu wa hatua hiyo, maana gugu maji nalo lililetwa kutoka mbali kama ua la kupendeza. Februari 1981 fukusi waliachiliwa Kluang, katika jimbo la Johor. Walienea kwa kasi ya ajabu. Kabla yao, karibu nusu tu ya maua ya kike ndiyo yaliyokuwa yakishika tunda. Baadaye ikawa karibu saba kwa kila kumi. Kazi ya kupuliza kwa mkono ikaisha. Tuseme ukweli, kwa kibarua aliyeitegemea hiyo haikuwa habari njema.

Wala mambo hayakunyooka moja kwa moja. Panya waligundua kwamba maua ya kiume yaliyonyauka yamejaa mabuu yenye mafuta, wakaanza kuyapasua. Miti michanga ya mbegu bora nayo hutoa maua mengi ya kike na ya kiume machache, kwa hiyo fukusi hukosa mahali pa kuzalia na matunda hupungua tena. Ua la kiume lililonyauka linaonekana takataka, kumbe ndiyo nyumba ya mdudu.

Turudi kwa boga. Lenyewe pia lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. La kike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. La kiume lina kikonyo kitupu, basi usilaumu likianguka bila tunda. Anayebeba chavua hapa ni nyuki. Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri huwa limeanza kujifunga. Ukipiga dawa ya wadudu asubuhi, umempiga mfanyakazi wako akiwa kazini. Kama ni lazima kupiga, ngojeni jioni, maua yakiwa yamefungwa na nyuki wamerudi mzingani. Na kama nyuki hawaonekani kabisa, chuma ua la kiume mapema asubuhi, ng'oa majani yake ya manjano, kisha lisugue taratibu katikati ya ua la kike. Ua moja la kiume latosha mawili au matatu ya kike.