Samaki ni Halali. Je, Mchuzi Wake?

Mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alitualika, mama yetu pamoja na mke wangu na watoto, kula katika mgahawa wa Kijapani wa vyakula vya baharini. Sisi wa Mvumi, Wilaya ya Kilosa, tumezoea kambale wa mtoni na dagaa wakavu wa sokoni. Tulipanda treni ya SGR Kilosa, na baada ya Magharibi tukawa mezani, mbele yetu vijiti badala ya vijiko.

Watoto walifurahi. Mama akaninong'oneza: "Mwanangu, hiki tutakila?"

Lilikuwa swali zito. Kunyamaza ni kuwalisha watoto nisichokijua. Kuuliza ni kumtia haya mwenyeji aliyekwisha kuagiza.

Kuhusu samaki wenyewe, hapana shaka. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuvi ya bahari (Al-Maida, aya ya 96), na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Kwa wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi kwetu, pweza, ngisi na kamba pia wamo. Wenzetu wa Kihanafi hawali pweza wala ngisi.

Shaka imo katika viungo. Wapishi wa Kijapani hutumia sana mirin, kiungo kitamu cha mchele ambacho kile cha asili kina kileo cha takriban asilimia 14. Hutiwa katika mchuzi mzito wa teriyaki, na mara nyingine katika wali wa sushi. Sake, yaani pombe ya mchele, hutumika kuondoa shombo. Wapo wasemao kuwa moto humaliza kileo chote. Si kweli, sehemu yake hubaki. Nasi tumefundishwa kuwa kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Aidha, mafuta ya kukaangia kamba wa tempura yaweza kuwa yamekwisha kukaanga nyama ya nguruwe. Siki ya mchele haina neno, kwani Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo chema.

Nikamwita mhudumu, nikamwuliza kwa upole. Akaenda jikoni, akarudi na jibu la wazi: mchuzi wa samaki una mirin, na mafuta ya kukaangia ni ya vyakula vyote. Hakuchukia. Alitushauri samaki wa kuchoma kwa chumvi tu, ambaye Wajapani humwita shioyaki, pamoja na ndimu na wali mweupe. Samaki mbichi tulimwacha. Si haramu, ila wajawazito na watoto wadogo hushauriwa kumwepuka.

Mdogo wangu alikuwa kimya kwa muda, kisha akasema: "Kaka, nimekula hapa mara nyingi, sikuwahi kuuliza."

Sikumlaumu. Wengi wetu tukisikia "samaki" huona maswali yamekwisha. Wazazi, tuwafundishe watoto wetu mambo matatu ya kuuliza kabla ya kuagiza: mchuzi una nini, mafuta yamekaanga nini, wali umetiwa nini. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye mgahawa mwema hujibu, na mwenyeji anayetupenda hafedheheki.

Mama alikula akashiba, akasema: "Alhamdulillahi. Kumbe samaki na chumvi ni yaleyale ya nyumbani."

Wallahu a'lam.