Kiporo cha Wali na Moto Usiotosha

Kijana aliyeanza maisha ya chumba kimoja hupika wali wa siku mbili kwa mkupuo mmoja. Si uvivu. Mkaa ni ghali, gesi huisha katikati ya mwezi, na akirudi usiku kutoka chuoni au kibaruani hana nguvu ya kukaa tena na ungo kuchagua mchele. Basi anapika kilo nzima, anakula nusu, anafunika sufuria na kuisogeza ukutani, karibu na ndoo ya maji. Asubuhi anapasha kiporo, anakinywea chai, anaondoka. Nimeishi hivyo miaka miwili, na siku moja kiporo nilichokipasha mpaka kikafuka moshi kilinilaza chini, natapika hadi nyongo.

Wakati ule niliamini kwamba moto unamaliza kila kitu. Ndivyo tulivyofundishwa kuhusu maji ya kunywa: yachemshe, yako salama. Kwa wali, imani hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Wataalamu wa Uingereza walimweleza mwaka 1887, baada ya kumnasa kwenye hewa ya zizi la ng'ombe. Makao yake hasa ni udongo, na mpunga unatoka udongoni, kwa hiyo huingia jikoni pamoja na mchele hata uuoshe mara ngapi. Mambo yakimwendea vibaya, ukavu au joto kali, hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, akatulia humo kama mbegu inayongoja mvua. Maji ya wali yanapochemka, bakteria walio wazi hufa, ila spora nyingi hupona. Kisha unaepua. Wali unapoa taratibu, una unyevu, una wanga, na chumba kina joto la usiku wa Dar es Salaam. Hiyo ndiyo mvua waliyokuwa wakiingoja. Spora zinafunguka na bakteria wanaanza kugawanyika, mmoja wawili, wawili wanne, wewe umelala.

Kwa miaka mingi hakuna aliyewashuku sana. Kisha wagonjwa na wafanyakazi wa hospitali huko Oslo wakaugua matumbo baada ya kula sosi ya vanila iliyopikwa na kuachwa bila kuwekwa kwenye baridi. Mtafiti wa Norwe, Steinar Hauge, alitaka uthibitisho. Alitengeneza sosi, akapandikiza bakteria hao, akawaacha wazaliane, akanywa mililita 200. Saa kama 13 baadaye tumbo lilimkata na kumwendesha. Naheshimu sana ujasiri huo, ingawa simshauri mtu auige.

Wali wenyewe ulikamatwa mwaka 1971, Uingereza, kwenye mikahawa ya Kichina. Wapishi walichemsha wali mwingi, wakauacha nje usiku kucha ili usigandamane, kesho yake wakaukaanga kwa haraka. Wateja walitapika ndani ya saa chache tu. Muda huo mfupi una maana yake: sumu ilikuwa imeshatengenezwa ndani ya wali kabla haujafika mdomoni. Inaitwa sereulidi, na ndiyo iliyonifanya nibadili maisha yangu ya jikoni, maana inastahimili nyuzijoto 121 kwa dakika 90. Maji ya sufuria yako yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Ukipasha kiporo unawaua bakteria wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuiacha inabaki vilevile, na huioni wala huinusi. Wali ukishachacha unaujua kwa harufu. Huu waweza kunukia nazi kama jana.

Walio wengi hutapika wakapona siku hiyohiyo. Wachache hawapati bahati hiyo. Mwaka 2008, mwanafunzi wa miaka 20 huko Ubelgiji alipasha tambi za nyanya zilizokaa jikoni siku tano bila friji. Ndani ya nusu saa alianza kuumwa. Asubuhi alikutwa amefariki. Uchunguzi ulikuta ini limeharibika, na kwenye mabaki ya tambi sumu hiyohiyo.

Utaniuliza: mbona nyumbani tulikula viporo na hatukufa? Swali la haki. Nyumbani kwetu tulikuwa tisa, na kilichobaki kilikuwa ukoko na vijiko viwili vitatu, kikaliwa alfajiri. Tena si kila Bacillus cereus hutoa sumu ya kutapisha. Na mara ngapi tulisema "tumbo limevurugika tu" tusijue sababu?

Mama alitufundisha kwamba kutupa chakula ni dhambi, na sitaki kumpinga. Dawa ni kutopika cha kutupa. Kijana asiye na friji apime kikombe kimoja cha mchele badala ya kilo. Mchele mkavu ukikaa kwenye ndoo yenye mfuniko hauna neno. Mwenye friji autandaze wali kwenye sinia upoe upesi, auingize kwenye baridi kabla ya saa mbili kupita, kwa sababu wali mwingi ndani ya sufuria moja hubaki vuguvugu katikati kwa muda mrefu hata ukiwa ndani ya friji. Hotipoti nayo isikudanganye. Ni nzuri chakula kikiwa cha moto kweli, juu ya nyuzijoto 60. Ukiamka ukakuta wali una joto la mkono, bakteria wamelala pazuri kuliko wewe.

Ukishatapika, kunywa maji ya ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari unaouzwa dukani, kidogo kidogo. Ukiona macho yanageuka manjano, usingizi mzito usio wa kawaida, au huwezi kubakiza hata maji tumboni, usingoje kukuche, mgongee jirani akupeleke hospitali.

Na leo usiku, kabla hujamimina mchele kwenye sufuria, jihesabu. Mko wangapi humo chumbani? Kama uko peke yako, pika cha mtu mmoja.