Fidla Tatu, Mwaka Mmoja

Januari ya mwaka jana tulikaa watatu kwenye mkahawa wa chuo, tukaandika malengo yetu ya mwaka kwenye karatasi moja. Sote tulikuwa tumeanza kujifunza fidla, au vayolini kama wengi wanavyoiita, tukiwa tumeshapita umri wa miaka 18. Mmoja wetu kwao ni Louisville, wa pili ni Buffalo, wa tatu ni Columbus. Mwaka ulipokwisha, hakuna aliyekuwa ametimiza lengo lake kama alivyoliandika. Hata hivyo wote watatu bado tunapiga, na hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Wa Louisville aliandika: "Saa moja kila siku." Hiyo ni saa 365 kwa mwaka. Wiki ya kwanza alitimiza. Wiki ya tatu majaribio ya darasani yakaanza, akakosa siku mbili, akajiambia atalipa deni Jumamosi. Jumamosi ilipofika deni lilikuwa limefika saa nne. Nani ana saa nne? Sanduku la fidla likalala chini ya kitanda mpaka Machi.

Baba yake, ambaye kwao ni Kisumu, alipomsikia akilalamika kwenye simu alicheka. "Babu yako alikuwa na orutu ya uzi mmoja. Wewe una nyuzi nne, na bado huna wakati?" Orutu ni fidla ya Waluo, yenye uzi mmoja na upinde wake. Utani ule ulimchoma, lakini pia ulimpa wazo. Alifuta lengo la kwanza akaandika jingine: dakika 15, siku tano kwa wiki, na siku iliyopita haina deni. Dakika tano za kwanza anapiga uzi mmoja tu, akisikiliza upinde unavyokwenda. Kwa mwaka mzima, mpango huo ni saa 65 tu. Lakini saa 65 zinazopigwa kweli zinazidi saa 365 zilizo kwenye karatasi. Aliporudi nyumbani likizo ya kiangazi, aliweza kukaa pembeni mwa duara la wapigaji wa nyimbo za kale za Kentucky, ambao hufundishana kwa sikio, na kuwafuata polepole katika wimbo mmoja.

Wa Buffalo aliandika: "Kumaliza vitabu viwili vya mafunzo." Alikuwa na bidii, na kufikia Mei kitabu cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Familia yake ilitoka Uvira, na kanisani kwao ibada ni kwa Kiswahili. Jumapili moja mama yake aliwaambia wanakwaya, bila kumuuliza, kwamba mwanawe sasa anapiga fidla. Akaitwa mbele. Kiongozi wa kwaya akaanzisha wimbo pale sauti yake ilipoamkia asubuhi ile, wala si pale kitabu kilipozoea kuanza. Mwenzetu akatafuta sauti ya kwanza mpaka ubeti wa pili, kisha akashusha upinde, akaimba na wengine.

Jioni ile alitaka kuirudisha fidla dukani. Badala yake alibadilisha lengo: nyimbo sita za kwaya, kwa moyo, kuanzia sauti yoyote itakayochaguliwa. Kila wiki alimwomba mdogo wake aanzishe wimbo popote anapotaka, naye amfuate. Desemba ilimkuta na nyimbo nne. Kitabu cha pili hakijafunguliwa, na hakuna kanisani aliyewahi kukiulizia.

Wa Columbus aliandika lengo fupi kuliko yote: "Kupiga taarabu." Ni lengo zuri kulisema, lakini halisemi ufanye nini Jumanne jioni. Aliyelipa sura ni bibi yake, mzaliwa wa Unguja, anayeishi nao Columbus. Usikivu wake unapungua mwaka hadi mwaka. Mwezi Aprili alimwambia mjukuu wake, "Mwanangu, hizo taarabu zote utawapigia wengine. Mimi nipigie huu mmoja, kabla sijawa wa kuonyeshwa kwa mikono." Kisha akauvumisha wimbo aliousikia utotoni kwenye harusi za mtaani kwao.

Kuanzia hapo lengo lilikuwa na mtu na lilikuwa na muda. Mwenzetu alifanya mambo mawili. Kwanza, aliushusha wimbo kwenye nyuzi nene za fidla, kwa sababu wazee wanapopoteza usikivu, mara nyingi sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Pili, aliukata wimbo vipande vinane, kipande kimoja kwa mwezi, kuanzia Mei hadi Desemba.

Hapo ndipo alipokutana na shida ambayo kitabu hakikumwandalia. Wimbo ule ulikuwa katika Bayati, mojawapo ya maqam za Kiarabu zinazotumika katika taarabu. Sauti ya pili ya Bayati haipo kwenye kinanda. Inakaa kati ya vibonyezo viwili. Fidla haina alama shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kuifikia, lakini lazima sikio liongoze. Mwenzetu alikuwa akijipima kwa programu ya simu. Alipopiga sauti ile, simu ikawaka kijani na bibi akakunja uso. "Hapo umepita," akasema. Akateremsha kidole kidogo. Simu ikawaka nyekundu, bibi akatikisa kichwa kwa raha.

Sisi wanafunzi wa chama hiki tunaijua hali hiyo. Tumekulia nyumba zenye Kiswahili. Mtu akikosea ngeli tunasikia mara moja, lakini tukifungua vinywa vyetu tunaikosea ileile. Sikio limetangulia, ulimi unafuata nyuma. Anayejifunza fidla ukubwani yuko hivyohivyo: anajua uzuri unavyosikika, na kila siku anasikia jinsi alivyo mbali nao. Ndiyo maana malengo makubwa humvunja moyo mtu mzima haraka.

Walimu wetu wa mbali walilijua hilo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza qanun, naye akarudi kupiga na kufundisha wenzake. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Tangu 2002 Unguja ina Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako fidla hufundishwa pamoja na udi na qanun. Katika historia yote hiyo mazoezi yana mahali, na yana watu. Ukikosa kufika, kiti chako kinaonekana kitupu.

Hilo ndilo tulilojifunza. Lengo lisilosubiriwa na mtu lilikufa kabla ya Machi. Lengo lenye baba wa kutania, kwaya ya kufuata au bibi wa kusikiliza liliishi, hata pale ambapo halikutimia lote.

Bibi alipigiwa wimbo wake usiku mmoja wa Desemba, sebuleni, televisheni ikiwa imezimwa. Vipande saba kati ya vinane vilikuwa tayari. Cha nane alikiimba mwenyewe.

Mwaka huu tumeandika tena, mstari mmoja kila mtu, na mbele ya kila mstari tumeandika jina la mtu atakayesikiliza. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha chama. Chini yake tumeacha nafasi. Si lazima iwe fidla. Aliyekusudia kusoma riwaya moja ya Kiswahili mpaka mwisho naye aandike, pamoja na jina la atakayemsimulia.